Kabla ya kuiamini pochi ya kripto, uliza nani anatia saini

Tarehe 4 Januari 2023, Jaji Martin Glenn wa mahakama ya ufilisi ya New York alitoa uamuzi ambao kila mwenye sarafu za kripto angepaswa kuufahamu kabla hajapakua pochi yoyote. Kampuni ya kripto ya Celsius ilikuwa imezuia wateja kutoa fedha tangu Juni 2022, na wateja hao walikuwa wakisubiri kurudishiwa sarafu zao. Jaji akaamua kwamba sarafu zilizokuwa kwenye akaunti za kuzalisha faida, zenye thamani ya dola bilioni 4.2 katika akaunti zipatazo 600,000, hazikuwa mali ya wateja tena. Masharti ya huduma, yale ambayo wengi hubofya "nakubali" bila kuyapitia, yalieleza kwamba mteja akishaweka sarafu zake, umiliki unahamia kwa Celsius. Wateja wakabaki na madai tu, wakapangwa foleni pamoja na wadai wengine wa kampuni iliyofilisika.

Wanaoanza kununua kripto huuliza pochi ipi ni nzuri. Kwa vipimo ambavyo wengi wetu tunavitumia, Celsius ilikuwa nzuri. Programu yake ilikwenda bila kukwama, salio lilionekana kila mtu alipofungua simu, na mkuu wake Alex Mashinsky alikuwa akizungumza na wateja kwa video kila wiki. Mwaka 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa ulaghai. Kipimo ambacho kingewaokoa wateja wake hakionekani kwenye kioo cha simu: sarafu zikitakiwa kuhama, saini inatoka mikononi mwa nani?

Sarafu za kripto hazikai ndani ya simu wala ndani ya programu. Zimeandikwa kwenye blokicheni, daftari la pamoja ambalo nakala zake zimo kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Ili kiasi fulani kihame kutoka anwani moja kwenda nyingine, lazima itolewe saini ya kihisabati, na saini hiyo inatokana na ufunguo wa siri ambao kwa hakika ni namba kubwa mno. Pochi ni programu inayouzalisha ufunguo huo, inayoutunza, na inayoutumia kutia saini. Mtandao wa Bitcoin au Ethereum haujui jina lako na hauna nakala ya kitambulisho chako. Saini ikiwa sahihi, muamala unapita. Mwizi akitia saini kwa ufunguo ule ule, muamala unapita vilevile.

Sisi wa Afrika Mashariki tunafika hapa na mazoea ambayo yametulea vizuri, na ndiyo maana yanatuponza. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, tumezoea fedha za simu zilizo na mwenyewe. Ukisahau namba ya siri, unakwenda dukani na kitambulisho. Ukikosea namba ukatuma kwa mtu usiyemjua, unawapigia huduma kwa wateja kuomba muamala urejeshwe, na ukiwahi kabla mpokeaji hajatoa, mara nyingi unasaidiwa. Nyuma ya salio lako kuna fedha halisi zilizowekwa kwenye akaunti za amana benki, zimetenganishwa na fedha za kampuni ya simu, na Benki Kuu inazifuatilia. Tunayabeba mazoea hayo mazima mazima hadi kwenye kripto, ambako bitcoin ikitumwa kwenye anwani isiyo sahihi imekwenda, na hakuna kampuni yenye kitufe cha kuirudisha. Tapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" tunamfahamu sote. Akihamia kwenye kripto, anahitaji ukosee mara moja tu.

Pochi za mtandaoni zimegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza, mtu mwingine anakushikia ufunguo. Masoko ya kubadilishia sarafu kama Binance, Bybit na Coinbase yako huku: unachokiona kwenye akaunti yako ni hesabu iliyoandikwa kwenye vitabu vya kampuni, na funguo zinazohamisha sarafu zenyewe inazo kampuni hiyo. Huku pia ndiko iliko Machankura, huduma iliyoanzishwa mwaka 2022 na Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini, inayomwezesha mwenye simu ya kitochi kupokea bitcoin kwa kubonyeza nyota na reli bila intaneti. Simu ya kitochi haina pa kutunzia ufunguo, kwa hiyo lazima autunze mtoa huduma. Upande wa pili, ufunguo unazalishwa na kukaa kwenye simu au kompyuta yako, kama zinavyofanya MetaMask, Trust Wallet, Electrum na nyinginezo, na hakuna mwingine anayeweza kutia saini maadamu hajaupata.

Wapo wanaohubiri kwamba upande wa kwanza ni wa wajinga. Sikubaliani nao. Mtu anayenunua USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola) za shilingi laki mbili ili amlipe msambazaji wake wa Guangzhou kesho asubuhi, kisha salio lirudi sifuri, hana sababu ya kubeba mzigo wa kutunza funguo kwa usiku mmoja. Hatari yake inakua pale sarafu zinapolala huko miezi na miaka. Mt. Gox ya Tokyo ilikuwa soko kubwa kuliko yote ya bitcoin wakati wake. Februari 2014 ilifilisika ikisema bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Takriban 200,000 zilipatikana baadaye kwenye pochi ya zamani, na wadai walianza kulipwa sarafu zao Julai 2024, miaka kumi ikiwa imepita. Soko la FTX lilianguka Novemba 2022 baada ya dola zipatazo bilioni 8 za wateja kuchotwa, nyingi zikiwa zimekwenda Alameda Research, kampuni dada ya biashara. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa miaka 25 Machi 2024. Wateja wa FTX walikuja kupangiwa malipo kwa bei za dola za ile Novemba 2022, wakati ambao bitcoin ilikuwa imeporomoka, hivyo kupanda kote kwa bei kulikofuata kuliwapita.

Ukiamua kuweka sarafu kwa mtoa huduma wa upande wa kwanza, tafuta kwenye masharti yake kifungu kinachosema umiliki unabaki kwa nani. Tafuta neno "umiliki" au "hati" kwa lugha yoyote ambayo masharti yameandikwa, na usipolipata, chukulia kwamba umeupoteza. Kisha angalia kama anakupa faida kwa kuacha sarafu zimelala. Bitcoin iliyotulia haizai. Anayekulipa asilimia kadhaa kwa mwaka juu ya bitcoin ameikopesha kwa mtu, na siku mkopaji asipolipa, hasara inashuka hadi kwako. Celsius ilifanya hivyo. Wengine huonyesha "uthibitisho wa akiba", ripoti inayoonyesha kwamba sarafu wanazodai kuwa nazo zipo kweli kwenye blokicheni. Ripoti hiyo ina manufaa yake, lakini ikikuonyesha mali bila kukuonyesha madeni, umesoma nusu ya hesabu. Na kila unapoanza na huduma mpya, weka kidogo, kisha kitoe chote mpaka kikufikie mkononi. Usikitoe nusu ukaridhika.

Kuhusu leseni, Kenya imepiga hatua. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, ikigawa usimamizi kati ya Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa Mkenya, kuuliza leseni kumekuwa swali lenye maana kisheria. Kwa upande wa Tanzania, tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 liliwaambia wananchi kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kisheria. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye miamala ya mali za kidijitali. Nimewasikia watu wakiichukulia kodi hiyo kuwa ni kibali, kwamba serikali ikishakata chake basi imebeba dhamana. Hapana. Kukatwa kodi hakukupi akaunti ya amana wala mfuko wa fidia, na soko lililosajiliwa kisiwani mbali likikufungia akaunti, risiti ya Mamlaka ya Mapato (TRA) haitakufungulia.

Upande wa pili, wa kushika ufunguo wako mwenyewe, ndio wenye mambo mengi ya kupima na ndio unaozungumzwa kijuujuu. Ushauri unaosikika ni "andika maneno yako 12 kwenye karatasi" basi. Maneno hayo ni ufunguo wa siri ulioandikwa kwa namna ambayo binadamu anaweza kuinakili, kwa kutumia orodha ya maneno 2,048 iliyowekwa mwaka 2013 na ambayo pochi nyingi duniani zinaifuata. Kuyaandika kwenye karatasi ni sahihi. Lakini kabla ya karatasi lipo swali la jinsi maneno yenyewe yalivyopatikana.

Maneno 12 yanatakiwa kutoka kwenye bahati nasibu yenye uwezekano wa namba 2 iliyozidishwa yenyewe mara 128. Hakuna kompyuta itakayoweza kuujaribu wote. Sasa tazama kilichotokea Novemba 2022 kwenye kiendelezi cha kivinjari cha Trust Wallet. Kwa siku kadhaa, namba nasibu zake zilizalishwa kwa namna iliyopunguza uwezekano huo hadi bilioni 4 hivi, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaweza kuimaliza. Watafiti wa Ledger, kampuni ya vifaa vya kutunzia funguo, waliligundua kosa, likarekebishwa, lakini baadhi ya pochi zilizozaliwa siku zile ziliibiwa takriban dola 170,000. Kampuni ilieleza jambo hilo hadharani na kuahidi fidia, na naihesabu hatua hiyo upande wake. Mwaka 2023 kosa la aina hiyo hiyo likabainika kwenye programu ya Libbitcoin: maneno yalionekana ya kubahatisha kabisa, kumbe wezi walikuwa wanaweza kuyazalisha yote kwenye kompyuta zao. Mwenye pochi angeweza kuyaficha kwenye sanduku la chuma na bado akaibiwa.

Mtumiaji wa kawaida hawezi kuukagua msimbo wenyewe, lakini anaweza kuona kama umewekwa wazi ili wenye ujuzi waukague, na kama kosa likipatikana linatangazwa pamoja na tarehe na matoleo yaliyoathirika. Pochi isiyowahi kutangaza kosa lolote katika miaka mingi inanipa wasiwasi zaidi kuliko iliyotangaza matatu. Slope, pochi ya simu ya mtandao wa Solana, ilikuwa maarufu na nadhifu. Agosti 2022 maelfu ya pochi zilikombwa ndani ya saa chache, na uchunguzi ukaonyesha kwamba programu hiyo ilikuwa ikituma maneno ya siri ya watumiaji, yakiwa yanasomeka wazi, kwenye seva ya kumbukumbu za hitilafu. Hakuna aliyewalaghai watumiaji wale. Ufunguo ulikuwa kwenye simu zao kama walivyoahidiwa, ila nakala yake ilikuwa imesafiri.

Lililo kubwa kuliko yote, kwa mawazo yangu, ni hili: pochi inayofunguliwa kwenye ukurasa wa tovuti hupakua msimbo wake upya kila unapoifungua. Programu iliyosakinishwa jana ni ile ile leo mpaka isasishwe. Ukurasa wa tovuti unaweza kuwa salama saa tatu na kuwa mtego saa nne, na anwani juu ya kivinjari isibadilike hata herufi. Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 2018, wahalifu waliteka njia za intaneti zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za seva. Watu walioandika anwani sahihi kabisa ya pochi ya tovuti ya MyEtherWallet wakapelekwa kwenye seva ya kughushi. Kivinjari kiliwaonya kwamba cheti cha usalama hakiaminiki. Waliobofya kuendelea walipoteza jumla ya takriban dola 150,000 ndani ya muda mfupi. Wao hawakubofya kiungo cha tapeli wala hawakukosea tahajia. Kosa lao lilikuwa kulipuuza onyo moja.

Mwishoni mwa mwaka huo huo ikaja zamu ya Electrum, pochi inayosakinishwa kwenye kompyuta. Wahalifu waliweka seva zao kwenye mtandao wa Electrum, na mtumiaji aliyeunganishwa nazo alipojaribu kutuma bitcoin, alionyeshwa ujumbe ndani ya pochi yake halisi ukimwambia apakue toleo jipya kutoka kwenye kiungo fulani. Ujumbe ulitokea ndani ya programu aliyoiamini, kwa hiyo akatii. Toleo lile jipya lilikuwa la wezi, na zaidi ya bitcoin 200 ziliondoka.

Halafu tarehe 21 Februari 2025, Bybit. Hawa hawakuwa wanaoanza. Walikuwa wameweka akiba yao ya Ethereum kwenye pochi ya saini nyingi, ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kuhamisha peke yake, na kila mtia saini alikuwa na kifaa chake. Walitumia ukurasa wa huduma ya Safe kuandaa muamala. Wadukuzi, ambao FBI iliwataja kuwa ni wa Korea Kaskazini, walikuwa wameingia kwenye kompyuta ya mtengenezaji wa programu wa Safe na kupenyeza msimbo wao kwenye ukurasa ule. Watia saini waliona muamala wa kawaida. Walichokitia saini kiliwakabidhi wadukuzi pochi nzima. Takriban dola bilioni 1.5 zikaondoka, wizi uliotajwa wakati ule kuwa mkubwa kuliko wote wa kripto.

Kati ya MyEtherWallet na Bybit kuna karibu miaka saba na tofauti ya mara elfu kumi ya fedha, na udhaifu ni ule ule: ukurasa unaokuonyesha unachotia saini unaweza kusema jambo moja huku saini yako ikienda kwenye jambo lingine. Kwa sababu hiyo, fedha za kuweka muda mrefu nisingezitia kwenye pochi ya tovuti wala ya kiendelezi cha kivinjari peke yake. Programu iliyosakinishwa, inayosasishwa kutoka kwenye chanzo kimoja ulichokihakiki, ni afadhali. Kifaa cha pembeni chenye kioo chake, kinachokuonyesha anwani na kiasi nje ya kompyuta yako, ni afadhali zaidi, mradi kweli unasoma kile kioo. Kikionyesha mfuatano wa herufi na namba usiosomeka na kukutaka ukubali, kataa, hata kama muamala ni wa haraka na mtu wa upande wa pili anakusubiri. Hali kadhalika na zile "idhini" ambazo tovuti huomba kwenye mitandao kama Ethereum: ukikubali kwamba mkataba janja (programu inayojiendesha kwenye blokicheni) unaweza kutumia USDT zako bila kikomo, umempa mwenye mkataba uwezo wa kuzichota mwezi ujao ukiwa umelala, bila kukuuliza tena.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili wa Bybit. Kampuni ilikopa, ikaziba pengo, na wateja wake waliendelea kutoa sarafu zao. Mtu binafsi aliyeibiwa kwa mbinu hiyo hiyo hana wa kumkopesha. Anayeshika ufunguo wake anaiondoa hatari ya kufilisika kwa kampuni na kuibeba hatari nyingine yote peke yake.

Simu yenyewe nayo ipimwe, hasa kwetu ambako simu moja inabeba biashara, picha za harusi na akiba. Februari 2025 kampuni ya usalama wa mitandao ya Kaspersky ilitangaza programu hasidi iliyoiita SparkCat, iliyokuwa imejificha ndani ya programu za kawaida kwenye maduka ya Google na Apple, mojawapo ikiwa ya kuagiza chakula Falme za Kiarabu na Indonesia. Kazi yake ilikuwa kupekua picha zilizohifadhiwa kwenye simu, kusoma maandishi yaliyomo na kutafuta maneno ya pochi. Kwa hiyo picha ya skrini ya maneno 12 ni nakala iliyo tayari kuondoka. Kadhalika kujitumia maneno hayo kwenye WhatsApp "nisije nikasahau". Duka rasmi la programu nalo si dhamana kamili: Novemba 2023 programu bandia iliyojiita Ledger Live ilipita kwenye duka la Microsoft na kuiba mamia ya maelfu ya dola. Njia iliyo salama zaidi ni kuanzia kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe na kufuata kiungo chao kwenda dukani, badala ya kuandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia na kuchukua la juu. Na anayekuandikia Telegram akijitambulisha kuwa huduma kwa wateja, kisha akaomba maneno yako ili "asawazishe pochi", ni mwizi. Hakuna kazi halali ya huduma kwa wateja inayohitaji maneno hayo.

Kwa wale walioacha sarafu sokoni, laini ya simu ndiyo mlango. Laini ikisajiliwa upya kwa jina lako mikononi mwa mwingine, namba za uthibitisho zinamfuata yeye. Tumia programu ya kuzalisha namba za uthibitisho badala ya ujumbe mfupi, kila mahali inaporuhusiwa.

Vifaa maalumu, kama Trezor ya Prague iliyoanza kuuzwa 2014 au Ledger ya Ufaransa, vinunuliwe kwa mtengenezaji au wakala aliyetajwa kwenye tovuti yake. Kifaa kipya kinazalisha maneno mbele yako. Kikija na karatasi ambayo maneno yameshaandikwa, aliyeyaandika anayo pia, naye anasubiri uweke fedha.

Kuna jambo ambalo makala za pochi huliruka na ambalo kwangu lina uzito kuliko chapa ya kifaa: mirathi. Baba akifariki akiwa na akaunti benki, familia inafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, anateuliwa msimamizi wa mirathi, benki inapokea nyaraka na kutoa fedha. Kwenye kripto mahakama inaweza kumteua msimamizi, ikagawa hisa za kila mrithi kwa usahihi wote wa sheria, na bado hakuna amri ya hakimu inayozalisha saini. Ufunguo usipopatikana, mjane na watoto watakuwa wakiitazama ile anwani kwenye blokicheni, salio likiwa wazi kwa dunia nzima, bila kuweza kuigusa.

Gerald Cotten wa soko la QuadrigaCX la Kanada alifariki India Desemba 2018 akiwa na umri wa miaka 30, na kampuni ikasema yeye peke yake ndiye aliyekuwa na funguo. Mwaka 2020 Tume ya Dhamana ya Ontario ilihitimisha kwamba ulikuwa ulaghai na fedha nyingi zilikuwa zimeshatumika kabla ya kifo chake. Hata hivyo maelezo yale ya kwanza yaliwezekana kuaminika kwa sababu ndivyo mambo yalivyo katika nyumba nyingi: funguo zote ziko kwenye kichwa cha mtu mmoja.

Usiyaandike maneno ndani ya wasia, kwa kuwa wasia utasomwa na watu wengi, wakiwemo makarani, kabla haujatekelezwa. Usiyakate maneno 12 vipande viwili vya sita sita ukampa kila mtoto kipande. Atakayepata sita amebakiwa na kazi ndogo mno kuliko ile ya awali ya kubahatisha. Andika barua inayoeleza kwamba sarafu zipo, ni za aina gani, pochi gani ilitumika na karatasi ya maneno iko wapi, kisha barua hiyo ikae mahali tofauti na karatasi yenyewe. Kwa kiasi kikubwa, pochi ya saini nyingi yenye funguo tatu ambazo mbili zinatosha ni njia bora zaidi ninayoifahamu: moja kwako, moja kwa mwenza au ndugu unayemwamini, moja kwa wakili. Akipotea mmoja, mali haipotei. Akigeuka mmoja, hawezi kuiba peke yake. Na karatasi iandikwe kwa mwandiko unaosomeka. Kiswahili hakimo kwenye lugha za ile orodha ya maneno 2,048, kwa hiyo mrithi wako atasoma maneno ya Kiingereza pengine asiyoyajua. Kwenye orodha ya Kiingereza herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno, hivyo kosa la tahajia mwishoni linarekebishika. Mpangilio ukivurugika ndiyo taabu. Yawekee namba, 1 hadi 12.

Kabla ya kuweka kiasi ambacho kingekuumiza, fanya zoezi hili. Tengeneza pochi, andika maneno, tuma sarafu za thamani ya chakula cha mchana. Kisha ifute programu kabisa kwenye simu. Isakinishe upya, rudisha kwa kusoma karatasi pekee, na uone kama salio limerudi. Halafu rudia kwa pochi ya mtengenezaji mwingine, kwa sababu kampuni uliyoichagua leo inaweza isiwepo utakapoihitaji. Baadhi ya pochi hutumia njia tofauti ya kuzalisha anwani kutoka kwenye maneno yale yale, na salio likaonekana sifuri ilhali sarafu ziko salama. Likikutokea hilo, tafuta kwenye mipangilio njia iliyotumika mwanzo, iandike pembeni ya yale maneno, na umwonyeshe mwenza wako ilipo, salio likiwa bado ni la chakula cha mchana.